Umefiwa ukiwa Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashirika yanayowasaidia wafiwa

Majibu haya ni kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza, awe amefiwa huku au amepigiwa simu ya msiba kutoka nyumbani. Tukisema Uingereza tunamaanisha nchi zote nne. Pale sheria inapohusu England peke yake, au inapotofautiana Scotland, tumesema hivyo.

Nina ndugu, jamaa na watu wa dini yangu. Shirika la hisani la nini?

Ndugu na jamaa usiwaache. Kwa msiba wenyewe hakuna anayetushinda. Habari ikitoka asubuhi, jioni group ya WhatsApp imeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa, orodha ya rambirambi inapandishwa na majina yanaongezeka. Kina mama wameshaingia jikoni kwa mfiwa, na kuna mtu yuko kwenye simu na kampuni ya mazishi akiulizia ndege ya mwili.

Tatizo huja baadaye. Marehemu ameshazikwa Tanga au Kisumu, matanga yameanuliwa, na ujumbe wa mwisho kwenye group ni hesabu ya michango na shukrani za familia. Wiki ya tano mfiwa amerudi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Hakuna anayemuuliza tena hali, na yeye anaona haya kuwasumbua watu waliokwisha kujitoa kiasi kile. Kwa watu wengi huzuni yenyewe inaanzia hapo, watu wakishatawanyika. Mashirika haya yapo kwa ajili ya kipindi hicho hasa. Hayaleti pilau wala bahasha. Yanaleta mtu aliyefundishwa kusikiliza, atakayekusikiliza wiki hii na wiki ijayo, na ambaye hutakutana naye kwenye harusi ya mtu mwezi ujao.

Ni mashirika gani, na yalianzaje?

Linalojulikana zaidi ni Cruse. Lilianza mwaka 1959 huko Richmond, London, kwa juhudi za Margaret Torrie, na mwanzoni lilikuwa la wajane. Jina limetoka kwenye Biblia, 1 Wafalme 17: mjane wa Sarepta ambaye chupa yake ya mafuta haikuisha wakati wa njaa. Leo linamhudumia mfiwa yeyote England, Wales na Ireland ya Kaskazini, na Scotland ina Cruse yake inayojitegemea. Daktari wa akili Colin Murray Parkes, aliyefanya kazi na Cruse kwa miongo mingi na kuchangia sana namna Waingereza wanavyoelewa huzuni ya kufiwa, aliitwa na UNICEF mwaka 1995 kwenda Rwanda, kusaidia kuanzisha mpango wa kuwahudumia walioumizwa nafsi na mauaji ya kimbari. Mtu asikuambie kwamba mambo haya hayatuhusu watu wa Afrika Mashariki.

The Compassionate Friends ni la wazazi waliofiwa na watoto, hata mtoto akiwa na miaka 40. Lilianzia Coventry mwaka 1969. Kasisi kijana wa hospitali, Simon Stephens, alikuwa ameona kwamba familia mbili zilizopoteza wavulana wao karibu wakati mmoja zilifarijiana wao kwa wao kuliko yeye alivyoweza kuwafariji. Hadi leo wanaokusikiliza huko ni wazazi waliozika.

Winston's Wish (1992) na Child Bereavement UK (1994) yanashughulika na watoto, vijana na familia zao. Sands, tangu 1978, ni la wanaofiwa na mtoto tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Widowed and Young ni la wajane na wagane waliofiwa na mwenzi wakiwa hawajafikisha miaka 51, mlikuwa na ndoa au hamkuwa nayo. Hospisi nyingi, yaani vituo vya kuwatunza wagonjwa walio mwishoni mwa maisha, pia zina huduma kwa familia za wagonjwa waliofia mikononi mwao. Ukitaka kujua kilichopo karibu na unapoishi, tovuti ya AtaLoss imekusanya huduma za nchi nzima na unatafuta kwa eneo na aina ya msiba.

Nikipiga simu, nitakutana na nini?

Simu ya Cruse ni 0808 808 1677, haikatwi pesa. Anapokea mtu wa kujitolea aliyefundishwa kazi hiyo. Atakuuliza jina la kukuitia, na wengi hutaja la kwanza tu. Kisha atakuuliza umefiwa na nani. Ukilia, atasubiri. Hatakwambia "jikaze", wala "ni mapenzi ya Mungu", wala "usimlilie sana marehemu". Kwa aliyezoea faraja zetu ukimya ule unaweza kushtua mwanzoni, ukadhani simu imekatika. Haijakatika. Anakupa nafasi.

Huna haja ya kuwa na swali. Unaweza kuanza na: "Mama amefariki na sijalala wiki mbili." Mwishoni mtaangalia pamoja kama unahitaji zaidi: vikao vya mtu mmoja kwa mmoja, mara nyingi kama sita, kwa simu, video au ana kwa ana, au kikundi cha wafiwa. Vikao vina foleni, na sehemu nyingine foleni ni ndefu. Ndiyo maana tunashauri usingoje mpaka uzidiwe ndipo upige.

Simu hiyo haiko wazi usiku kucha. Saa tisa za usiku wapigie Samaritans, 116 123, wanaopokea saa 24, siku zote za mwaka.

Ni lazima nijue Kiingereza?

Wengi wa wanaojitolea wanazungumza Kiingereza tu, na huzuni ni kitu kigumu kukisemea kwa lugha ya kazini. Kuna njia mbili. Ukiwasiliana na shirika, sema mwanzoni kabisa kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, na utaje kama unataka mwanamke au mwanaume. Njia ya pili, kwa wanaoishi England, ni NHS Talking Therapies: unajiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari, ni bure, na NHS ina wajibu wa kutafuta mkalimani.

Usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Watoto wetu wameshazoea kututafsiria barua za benki na za shule, lakini hili si la kumbebesha.

Kuna malipo?

Kwa jumla hakuna. Widowed and Young wana ada ndogo ya uanachama kwa mwaka. Mashirika mengine yanaendeshwa kwa michango, wasia na ruzuku, na mfiwa hadaiwi.

Wataniuliza viza?

Simu hizi si za serikali, na karatasi za uhamiaji si sharti la kusikilizwa. Unayoyasema ni siri. Siri inavunjwa pale tu maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiwa anaumizwa, na watakueleza hivyo mapema. Posho za serikali ni habari nyingine, tumezieleza chini.

Mimi ni Muislamu na niko eda. Nitafanyaje?

Kipindi hicho cha miezi minne na siku kumi ndicho watu wanapopungua mlangoni, na ndicho mjane anapokaa ndani. Huduma ya simu au video inakufaa kabisa, kwa sababu hutoki nyumbani. Omba uhudumiwe na mwanamke. Ni ombi la kawaida, huna haja ya kulieleza. Lipo pia shirika la Muslim Bereavement Support Service, ambako hutalazimika kueleza eda ni nini kabla ya kusema kinachokuuma.

Jambo moja linalowaumiza sana Waislamu huku ni kuchelewa kuzika. Nchini England na Wales kifo cha ghafla hupelekwa kwa mchunguzi wa vifo wa serikali, barua zake zimeandikwa Coroner, na yeye anaweza kuamuru mwili upasuliwe. Mwambie afisa wake siku ileile kwamba dini yenu inataka maziko ya haraka, na uliza kama uchunguzi unaweza kufanywa kwa skana badala ya kisu. Maeneo mengi yana utaratibu huo, ingawa familia inaweza kutakiwa kulipia.

Watoto tuwaambie nini?

Waambieni kweli, kwa neno lenyewe: amekufa. Kwetu mtoto huambiwa "baba amesafiri" au "bibi amelala", kwa nia njema kabisa. Matokeo yake mtoto wa miaka mitano anasubiri safari iishe, au anaogopa kufumba macho usiku kwa sababu ameona waliolala hawarudi. Winston's Wish na Child Bereavement UK wanafundisha wazazi namna ya kusema: mwili wa baba umeacha kufanya kazi, hali tena, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Kisha ongezeni ya imani yenu. Mtoto anaweza kubeba yote mawili.

Msishangae akilia dakika kumi kisha akaomba kwenda kucheza mpira. Wataalamu wa huku husema mtoto huingia kwenye huzuni kama anavyoingia kwenye dimbwi la mvua: anaruka ndani, anatoka, baadaye anaruka tena kwenye jingine. Si kwamba hakumpenda marehemu. Maswali nayo yatarudi. Aliyefiwa na mama akiwa na miaka sita atauliza upya akiwa na kumi na mbili, maana sasa anaelewa kitu ambacho hakukielewa.

Mambo mawili ambayo wazazi wetu huyasahau. Shule iambiwe, tena kabla mtoto hajarudi darasani, ili mwalimu asimkaripie kwa kutofanya kazi ya nyumbani. Na kama maziko yatarushwa moja kwa moja kwenye simu, amueni mapema kama mtoto ataangalia, na mmweleze atakayoyaona: jeneza, udongo, shangazi wakilia kwa sauti. Asiachwe ayaone kwa kuchungulia begani kwa mtu.

Simu ya Winston's Wish ni 08088 020 021. Hata mzazi anayetaka ushauri tu anaruhusiwa kupiga.

Tulipoteza mimba, au mtoto alizaliwa amekufa. Wazee wanasema tusahau, tutapata mwingine.

Hili tunaliandika kwa uchungu, maana kina mama wengi wa kwetu wameishi nalo kimya. Nyumbani mara nyingi mtoto wa namna hiyo huzikwa haraka na wazee, mama akiwa bado kitandani, pengine hajamwona. Hospitali za huku zitakuuliza kama unataka kumwona na kumshika. Nyingi zina kitanda kidogo chenye ubaridi, ili mkae naye saa kadhaa au hata siku. Wakunga wanaweza kuchukua alama za nyayo na viganja, kukata kishungi cha nywele, na kuviweka kwenye kisanduku pamoja na utepe wa mkononi wenye jina. Huo hautakuwa uchuro wala kukosa imani, na pia una haki ya kukataa. Wanaosita wanaweza kuomba hospitali iwahifadhie kisanduku.

Sands (0808 164 3332) wanamsikiliza mama, baba, hata bibi na babu. Kwa mimba iliyotoka mapema lipo shirika la Miscarriage Association. Tangu Februari 2024 wazazi wa England wanaweza kuomba cheti cha serikali, bila malipo, kwa mimba iliyopotea kabla ya wiki 24. Hakikupi haki yoyote ya kisheria. Kinasema tu kwamba mtoto alikuwepo, na kwa wazazi wengi hilo lina maana kubwa.

Ndugu yetu alijiua. Familia haitaki jambo hili lijulikane.

Nchini England na Wales kujiua si kosa la jinai tangu mwaka 1961, kwa hiyo hakuna atakayeshtakiwa kwa kutafuta msaada. Kutakuwa na kikao cha uchunguzi mbele ya mchunguzi wa vifo, huenda baada ya miezi mingi. Familia yenu haituhumiwi. Kazi ya kikao ni kujua nani alikufa, lini, wapi na vipi. Wajitoleaji wa Coroners' Courts Support Service hukaa na familia mahakamani siku hiyo, wakaeleza kinachoendelea na kuwatoa nje mkizidiwa.

Survivors of Bereavement by Suicide wanaendesha vikundi ambavyo kila aliyemo alifiwa kwa njia hiyo. Pale huna haja ya kutunga maneno ya "aliugua ghafla". Kama na wewe mawazo ya kufa yamekuingia, wapigie Samaritans, 116 123, sasa hivi, au 999 ikiwa maisha yako hatarini.

Mume wangu hazungumzi kabisa tangu tumzike kijana wetu.

Huenda hatazungumza akiwa ameketi mbele ya mtu kwenye kiti. Wanaume wengi husema wakiwa na kitu mkononi, ndiyo maana Sands wana timu za mpira wa miguu za kina baba waliofiwa, jina la mtoto likiwa kwenye jezi, na mashirika mengine yana matembezi ya pamoja. Mpe namba, mwambie mara moja, kisha muache. Wewe nenda hata kama yeye haendi.

Je, yanalipia kusafirisha mwili?

Hapana, kwa kawaida. Hilo linabaki kuwa la jamaa, chama cha kufa na kuzikana, au bima. Msaada wa mazishi wa serikali kwa wenye kipato kidogo wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, Funeral Expenses Payment, nao haulipii mwili kwenda Afrika. Jambo la lazima kwa England na Wales: mwili hautoki nchini bila kumjulisha mchunguzi wa vifo na kupata kibali chake, hata kama kifo kilikuwa cha ugonjwa uliojulikana. Msikate tiketi za familia kabla ya karatasi hiyo.

Serikali inatoa chochote?

Inatoa, na watu wetu wengi hawadai. Mjane au mgane ambaye hajafikia umri wa pensheni anaweza kupata Bereavement Support Payment: pauni 2,500 mara moja na pauni 100 kwa mwezi kwa miezi 18, au pauni 3,500 na pauni 350 kwa mwezi kama ana watoto anaowalea. Sharti kubwa ni kwamba marehemu awe alilipa bima ya taifa (National Insurance) kwa walau wiki 25 katika mwaka mmoja wa kodi, au alikufa kwa ajali ya kazini au ugonjwa uliotokana na kazi. Ombeni ndani ya miezi mitatu ili msipoteze sehemu ya fedha. Tangu Februari 2023, waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa lakini wana watoto nao wanahusika.

Mazishi ya mtoto wa chini ya miaka 18 yakifanyika England, gharama za maziko au kuchoma mwili hulipwa na mfuko wa serikali, bila kujali kipato cha wazazi. Mwajiriwa aliyefiwa na mtoto wa umri huo, au ambaye mtoto wake alizaliwa amekufa baada ya wiki 24, ana haki ya wiki mbili za likizo.

Kwa mwenye viza isiyoruhusu fedha za umma: posho ya mjane inatokana na michango ya bima ya taifa, haimo kwenye orodha ya fedha hizo, lakini msaada wa mazishi umo. Kabla ya kujaza fomu ongea na Citizens Advice au mwanasheria wa uhamiaji. Ushauri wa Citizens Advice ni bure.

Kifo kilitokea nyumbani na sikuweza kwenda kuzika. Hii nayo inahesabiwa?

Inahesabiwa. Cruse hawajali kifo kilitokea wapi. Wapo wanaoshindwa kusafiri kwa sababu ya nauli, na wapo wenye ombi la hifadhi ambao wakiondoka wanahatarisha ombi lenyewe. Kumzika mzazi kupitia kioo cha simu, mtandao ukikatika wakati jeneza linashushwa, ni msiba juu ya msiba, na wengi hujilaumu kwa miaka. Mwambie msikilizaji hivyo hivyo. Fanyeni pia kitu hapa: hitma, misa, sala ya nyumbani, waliokufahamu waje wakuhani na wewe mwenye kiti cha mfiwa, si wewe wa kutuma fedha tu.

Huzuni ikizidi muda gani ni ugonjwa?

Arobaini haimalizi huzuni, na mwaka pia huenda usiimalize. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake ulioanza kutumika 2022, linatambua huzuni iliyokwama: imepita miezi sita au zaidi, bado ni kali kila siku, inamzuia mtu kuishi, na imezidi kile ambacho desturi na dini yake vinakitarajia. Ukijiona hapo, muone daktari wako. Ina matibabu yake.

Nitajuaje shirika ni la kweli?

Shirika la hisani la England au Wales lililosajiliwa lina namba, na namba hiyo unaitafuta kwenye rejesta ya Charity Commission. Scotland rejesta ni ya OSCR. Anayekupigia yeye mwenyewe baada ya tangazo la kifo, akaomba taarifa za benki ili "akusaidie", kata simu.

Walioko nyumbani nao wana pa kwenda?

Wanapo. Kenya kuna Befrienders Kenya, na Still A Mum kwa waliopoteza mimba au watoto wachanga. Msalaba Mwekundu wa Kenya unapokea simu bila malipo kwa 1199. Rwanda kuna AVEGA Agahozo, lililoanzishwa mwaka 1995 na wajane 50 walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Uganda kuna TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI na familia zao, na mwanzo wake umepita hapa hapa Uingereza: Noerine Kaleeba alikuja kumuuguza mumewe, Christopher, aliyekutwa na UKIMWI akiwa masomoni Hull. Akaona wahudumu wanavyomshika bila woga. Christopher alifariki Uganda Januari 1987, na mwaka huohuo mkewe na wenzake wakaanzisha TASO.

Nataka kujitolea. Ninafaa?

Kama umefiwa karibuni, subiri kwanza. Mashirika yenyewe yatakuuliza. Mafunzo yanatolewa, na utafanyiwa ukaguzi wa rekodi ya polisi. Unapojaza fomu, andika Kiswahili kwenye sehemu ya lugha, na utaje kama unajua lugha nyingine ya kwenu Kongo, Kisomali au Kinyarwanda pia. Wanaotafuta mtu wa kuwasikiliza kwa lugha hizo wapo, na kwa sasa wengi wao wanasikilizwa kupitia mkalimani.